Malezi ya Watoto Wetu wa Katubuka
Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi katika siku za Jubilei



Wapenzi wazazi, mtoto wa Katubuka hulelewa na wengi. Nyumbani husikia Kiha cha bibi yake; njiani husikia Kiswahili cha Ujiji, mji wa Waha na Wamanyema, wa Waislamu na Wakristo; naye akifika sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Tena siku hizi iko simu, nayo husema naye usiku, sisi tumelala.

Hatusemi kwamba mambo yote ya ugenini ni mabaya. Mapadre Weupe walioleta Injili Ujiji mwaka 1879 walikuwa wageni. Mkumbukeni na Adriano Atiman. Alizaliwa mbali, upande wa Timbuktu, akaibiwa angali mtoto; mapadre wakamkomboa, akajifunza utabibu huko Malta. Mwaka 1889 akafika Karema, akawatibu watu wa ziwa hili hata alipokufa mwaka 1956. Ugeni haukumharibu, kwa kuwa walikuwapo waliomlea.

Basi, hatari i wapi? I katika kuachiana. Mzazi asema, "Mwalimu atamfunza." Mwalimu asema, "Adabu hutoka nyumbani." Na mtoto amesimama katikati peke yake. Mwaka 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali hata kidato cha nne. Lakini zikija siku za giza, dagaa wakivuliwa kwa taa, asubuhi wako watoto mwaloni wakianika, na nafasi zao darasani ni tupu. Hapo tusiilaumu simu wala wageni.

Nasi tuungame kosa letu. Tuliona haya kusema Kiha mbele ya watoto, tukidhani chawazuia katika masomo. Leo wako wajukuu wasioweza kuisikia hadithi ya bibi yao bila mkalimani.

Kwa hiyo twawaomba mambo matatu: mtoto aende shuleni hata siku za dagaa, jioni simu iwekwe kando, tule na kusali pamoja, na bibi apewe nafasi ya kusema kwa lugha yake. Wazee walinena, samaki mkunje angali mbichi. Sisi watu wa ziwa twajua sababu: akikwisha kukauka, huvunjika.

Mungu awabariki.