Kazi Ndogo za Nyumbani Nazo Ni Tiba

Msikilizaji, mgonjwa wa kiharusi akirudi nyumbani, ndugu humwambia: "Pumzika mama, tutakufanyia." Wanasema kwa upendo, lakini upendo huo unaweza kumdhoofisha. Mkono usiotumika hulegea na viungo hukakamaa. Naye aliyezoea kupika na kufua hujiona mzigo, na huzuni humwingia.

Wataalamu wa tiba kwa vitendo, taaluma inayofundishwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, huanza kwa kumuuliza mgonjwa: ulikuwa ukifanya nini kila siku? Kisha humrejesha kwenye shughuli hizo hatua kwa hatua. Humfundisha kuvaa gauni kwa kuanza na mkono uliodhoofika. Humwonyesha kutandika kitambaa chenye unyevu chini ya bakuli ili lisiteleze anapokula kwa mkono mmoja.

Wataalamu hawa bado ni wachache, na wengi wako hospitali kubwa. Serikali iwapeleke hospitali za wilaya. Nawe unayeuguza, kabla ya mgonjwa kuruhusiwa, uliza huduma hii inapatikana wapi. Akifika nyumbani, mwache achambue mchele. Atachelewa, mvumilie.