Daftari Lililo Ndani ya Kompyuta

Somo la leo ni la mwenye duka, katibu wa chama cha ushirika, na kila anayetaka kununua programu ya kuwekea hesabu za biashara.

Muuzaji akija atakuonyesha rangi na picha nzuri katika kioo. Zitazame, kisha umwulize: hesabu zangu zitakaa katika daftari gani? Maana nyuma ya programu ya namna hii mna daftari usiloliona, liitwalo hifadhidata. Humo ndimo yalimo madeni ya wateja wako. Likiharibika, nani atakumbuka nani anadaiwa?

Madaftari haya hayafanani. SQLite, iliyotolewa mwaka 2000, ni faili moja tu, nayo haina bei. Watu wengi waweza kuisoma pamoja, lakini anayeandika ni mmoja kwa wakati mmoja. Mwingine hungoja zamu. Duka la karani mmoja halihitaji zaidi. Access ya kampuni ya Microsoft nayo ni faili, ila haiwezi kupita kipimo cha gigabaiti 2. Ikijaa, haipokei tena.

Lakini tuseme ushirika wenu una makarani sita, wote wanapokea kahawa ya wakulima asubuhi moja. Hapo tafuteni MySQL au PostgreSQL. Hizi hukaa katika kompyuta moja iitwayo seva, na makarani wote huandika humo bila kungojana sana. Zote mbili hupatikana bila kulipia. Fundi wa kuzitunza, huyo hulipwa, na wauzaji wengine hawapendi kulitaja jambo hilo.

MySQL ilianza Uswidi mwaka 1995. Mwaka 2010 iliingia mikononi mwa kampuni ya Oracle, ambayo huuza pia hifadhidata yake yenyewe kwa ada. PostgreSQL haimilikiwi na kampuni moja. Kwa hiyo mimi ningeichagua hiyo.

Bado swali moja, nalo ndilo zito kuliko yote: siku nikiachana nawe, nitaondoka na hesabu zangu? Mwambie muuzaji aitoe orodha ya wateja palepale, nawe uifungue katika programu nyingine. Akisema utaonyeshwa baada ya kulipa, muage.

Kazi ya darasani: Kabla ya juma lijalo, hesabuni ni watu wangapi huandika hesabu zenu kwa wakati mmoja. Andikeni idadi hiyo, na jina la daftari linalowafaa.