Mzee Kitereza Hakukitupa Kitabu Chake

Ndugu wanakisomo wa Igawa, leo tuzungumze juu ya Mzee Aniceti Kitereza, mmoja wa watu wa kwanza nchini kuandika hadithi ndefu ya kitabu. Alizaliwa mwaka 1896 kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Victoria. Ni mbali na kwetu, lakini habari zake zinatuhusu.

Alisoma shule ya misioni, kisha seminari ya Rubya. Mwaka 1919 alimwoa Bibi Anna Katura. Walijaliwa watoto, lakini wote walifariki.

Mzee huyu aliona kwamba wazee wanakufa na maarifa yao yanazikwa pamoja nao. Basi akashika kalamu. Aliandika kwa Kikerewe, lugha ya nyumbani kwao, akamaliza mwaka 1945.

Hadithi yenyewe ni ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsema vibaya mke, na wazazi wake wanakuja kumchukua. Je, mume akaoe mwingine? Hapana! Anakwenda ukweni kumwomba mke wake, na wakwe wanamtoza pombe ya ndizi. Humo kitabuni tunaona jinsi watu wa zamani walivyolima, walivyovua samaki na walivyotibu wagonjwa.

Lakini mchapaji hakupatikana. Je, Mzee alikitupa? Hakukitupa. Uzeeni alikaa akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980. Hesabuni wenyewe: miaka 35! Mwaka 1981 Mzee alifariki, kabla hajakishika mkononi. Sisi tunakisoma.

Sasa tujiulize. Huku kwetu kuna Wasangu, Wabena na Wahehe. Nani kati yetu ameandika jinsi wazee walivyopeleka posa, au walivyogawana maji ya mfereji? Wengine tunasema, "Mimi nimejua kusoma juzi tu, nitaandika nini?" Hata sisi walimu tuna kosa. Tunamfundisha mtu kusoma barua, halafu hatumwambii kuwa naye aweza kuandika.

Basi kila mmoja atafute daftari. Jioni kaa na babu au bibi, umwulize jambo moja tu. Andika alivyosema, kwa Kiswahili au kwa kilugha chenu. Weka jina lake na tarehe. Juma lijalo tutasomeana. Tusingoje, maana wazee hawatungoji.