Mtaji Hauliwi: Mazungumzo na Wafanyabiashara Wadogo wa Kisumu

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa wafanyabiashara wadogo wa masoko na fuo za Kaunti ya Kisumu. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wakazi wote.



Hakuna anayefaa kusimama mbele yenu kuwahimiza mfanye kazi kwa bidii. Malori ya nyanya na kabeji yanaposhusha mzigo alfajiri, wenye kununua huwa wamekwisha fika. Mama wa Obunga anayeuza mgongo wazi huchukua mifupa ya mbuta iliyobaki viwandani baada ya minofu kukatwa na kusafirishwa ng'ambo, akaikausha, akaikaanga, akaiuza mtaani kwa watu ambao minofu yenyewe hawaimudu. Kugeuza mifupa kuwa karo ya shule ni kazi ambayo ofisi nyingi hazingeiweza.

Swali la leo ni jingine. Kwa nini mtu aweza kufanya kazi hiyo miaka 15, asikose sokoni ila siku za ugonjwa na matanga, na bado mtaji wake ukawa uleule alioanza nao, au mdogo zaidi?

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa nyanya. Huyu ni wa kufikirika, lakini hesabu zake wengi mtazitambua. Asubuhi ananunua nyanya za shilingi 2,000. Jioni ameuza za shilingi 2,700. Mkokoteni umechukua 150, ushuru wa soko 50. Ukiondoa na zile 2,000 za kununulia mali, faida yake ni shilingi 500. Siku hiyo imekuwa nzuri.

Lakini mkobani mwake hakuna shilingi 500. Kuna 2,500, zote zimekunjwa pamoja, na zote zina sura moja. Njiani ananunua unga, mafuta, sukuma wiki na makaa, mtoto anaomba pesa ya kitabu, na kufika nyumbani ametumia 600. Hajaona kosa lolote, kwa sababu noti bado ni nyingi. Kesho yake anaamka na 1,900. Akiendelea hivyo, akipunguza 100 tu kila siku, kwa siku 20 mtaji umekwisha. Kwa kweli hautafika siku hizo, maana mwenye nyanya chache hupata faida chache, na nyumbani chakula ni kilekile. Wateja hawakumkimbia. Nyanya hazikuoza. Mtaji umeliwa jioni baada ya jioni, na aliyeula ni familia yake mwenyewe bila kujua.

Ndiyo maana wazoefu wa Kibuye hutenganisha pesa kabla ya kuondoka sokoni. Ya mali hufungwa kwenye leso yake au hutumwa kwenye simu, ya nyumbani hubaki mkononi, na kidogo huenda akiba. Huyu mama akitumia 400 nyumbani badala ya 600, anabaki na mtaji wake mzima na shilingi 100 juu. Akiweka 50 kati ya hizo kwenye chama chake siku 6 za wiki, mwaka ukiisha ana shilingi 15,600. Hizo si utajiri, lakini zinatosha kununua mali kwa bei ya jumla, na kwenye biashara ya nyanya bei ya jumla ndiyo ngazi ya kwanza.

Jambo hili si geni katika mji huu. Reli ilipofika ziwani mwishoni mwa mwaka 1901, mahali hapa pakiitwa Port Florence, biashara kubwa ilishikwa na wenye maduka kutoka Asia. Mashuhuri kati yao alikuwa Allidina Visram, aliyetoka Kutch nchini India na kutandaza maduka yake kando ya reli hadi Uganda kabla ya kufariki mwaka 1916. Mwafrika aliingia biashara kupitia mlango wa nyuma. Mikopo ilibanwa na sheria za kikoloni, ploti za mjini hakuzipata kwa urahisi, na benki hazikumtazama.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwalimu mmoja wa Maseno aliamua kujaribu njia nyingine. Huyo ni Jaramogi Oginga Odinga, ambaye baadaye alikuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya. Alianza na chama kidogo cha kuweka akiba cha Bondo, na mwaka 1947 kikasajiliwa kampuni iliyoitwa Luo Thrift and Trading Corporation. Neno la pili katika jina hilo maana yake ni kubana matumizi na kuweka akiba, na halikuwekwa kwa bahati. Hisa ziliuzwa kwa watu wa kipato kidogo, wakiwemo Wajaluo waliokuwa wakifanya kazi katika miji ya mbali. Kutokana na shilingi hizo yakatoka maduka Maseno, kiwanda cha kuchapisha magazeti Nairobi kilichoitwa Ramogi Press, na hapa Kisumu jengo la Ramogi House.

Ni vizuri pia kusema yale ambayo hayasemwi sana kwenye sherehe. Kampuni ile haikuwatajirisha wenye hisa. Mwanahistoria E. S. Atieno Odhiambo, aliyeandika historia yake, aliifuata kutoka 1945 hadi 1956 tu. Odinga mwenyewe, katika kitabu chake Not Yet Uhuru cha mwaka 1967, anaieleza kama kazi ya kuwaonyesha watu kwamba wanaweza kuliko kama njia ya kupata faida. Kuwaonyesha watu kwamba wanaweza ni jambo kubwa. Lakini mama aliyetoa shilingi zake alikuwa na haki ya kujua zilikwenda wapi na zilizaa nini, na haki hiyo ndiyo inayovunja au kujenga vyama vyetu hadi leo.

Vyama tunavyo vingi. Nyoluoro iko kila mtaa. Watu kumi wanachanga, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Ni utaratibu mzuri na umesomesha watoto wengi wa kaunti hii. Ila mzunguko una udhaifu wake: pesa inayoingia yote na kutoka yote siku hiyohiyo haikui. Mwaka ukiisha kila mtu amepata alichotoa. Anayepokea zamu yake akanunua mali ya duka amefaidika. Anayepokea akanunua sofa amekaa vizuri, basi. Chama kinachoanza kukua ni kile kinachobakiza sehemu ya mchango ndani, kikawakopesha wanachama kwa riba ndogo, na mwisho wa mwaka kikagawana hiyo riba.

Hapo ndipo kitabu kinapokuwa muhimu kuliko sanduku. Mwekahazina asome hesabu kwa sauti kila mkutano. Kila mwanachama awe na kadi au kitabu chake kinacholingana na kile cha chama. Funguo za sanduku zishikwe na watu tofauti wasiolala nyumba moja. Na pesa za simu zisikae kwenye laini ya mtu binafsi, hata akiwa mcha Mungu kiasi gani, maana laini ikipotea au mwenyewe akifariki, chama kitaanza kufuatana na jamaa zake mahakamani. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007 kutuma pesa kumekuwa rahisi sana, na kuzila kumekuwa rahisi vilevile.

Chama kikifika watu 10 au zaidi kinaweza kuomba kusajiliwa kuwa chama cha ushirika. Katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, masoko, leseni za biashara na vyama vya ushirika ni kazi za kaunti. Maana yake ni kwamba afisa wa ushirika ni mtumishi wenu, na kumwomba aje akague vitabu ni haki.

Sasa tuzungumzie deni, kwa sauti ya chini kidogo kwa sababu wengi wetu limo simuni wakati huu. Mkopo wa shilingi 1,000 unaorudishwa 1,100 baada ya wiki unaonekana mdogo. Shilingi 100 ni nini? Lakini anayeurudia kila wiki kwa mwaka mzima amelipa shilingi 5,200 za riba, na ile 1,000 bado anadaiwa. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, hutoza riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na mikopo yake ya mtu binafsi huanzia shilingi 500 hadi 50,000. Asilimia 5 ya mkopo huwekwa akiba kabla hujaupokea. Kwa riba hiyo, shilingi 1,000 kwa mwaka mzima ingegharimu 80. Tofauti ya 80 na 5,200 ni mtaji wa mtu. Kuna wanaolalamika kwamba kiasi cha kuanzia ni kidogo mno kwa biashara, na malalamiko hayo yana haki. Hata hivyo, kukopa shilingi 500 kwa ajili ya matanga au nywele, kisha kutorudisha, ni kujifungia mlango wa shilingi 5,000 za mali.

Matanga yenyewe yanahitaji neno. Hakuna mtu wa kanda hii atakayeambiwa asichange msiba wa jirani akasikia. Vyama vyenye busara vimeweka mfuko wa msiba kando na mfuko wa biashara, vikaandika kiasi cha kutoa kwa mzazi, kwa mwenzi na kwa mtoto, ili mtu asilazimike kuuza magunia yake usiku mmoja kwa aibu.

Liko pia jambo ambalo kubana matumizi peke yake hakuliwezi, na gazeti hili la kaunti lisipolitaja litakuwa linawadharau wasomaji wake. Miaka michache kabla ya kongamano la Africities, lililofanyika Kisumu Mei 2022, vibanda vingi vya katikati ya mji na vya kando ya ziwa viliondolewa. Hoteli za samaki za Lwang'ni zilibomolewa. Mji ulihitaji barabara, bandari na masoko mapya, na masoko mengine yamejengwa. Lakini aliyejenga kibanda kwa akiba ya miaka 8 hakulipwa akiba hiyo na mtu yeyote, na wateja wa Lwang'ni hawakuhama naye. Mkazi anayeweka akiba anastahili kujua mapema kibanda chake kimesimama ardhi ya nani. Kabla ya kununua mabati, ulizeni ofisi ya kata au ya mji kama ile ni ardhi ya reli, ya barabara au ya soko, na jibu mlipate kwa maandishi. Mahali ambapo jibu halipo, nunueni gari la kusukuma au kabati la magurudumu, si saruji. Na kaunti nayo, inapopanga kuhamisha watu, ina wajibu wa kuwaonyesha mahali pa kwenda kabla ya trekta kufika.

Ufuoni mambo ni magumu zaidi. Mama anayenunua samaki hana mashua, mwenye mashua ndiye anayechagua nani apate samaki, na hapo ndipo jaboya ilipozaliwa, ile desturi ya mwanamke kutoa mwili ili auziwe samaki. Hubiri halikuiondoa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wanawake wa ufuo wa Nduru walianza kumiliki mashua zao wenyewe kwa msaada wa wafadhili, wakawaajiri wavuvi, na mazungumzo ya bei yakabadilika mara moja, kwa kuwa sasa samaki walikuwa wao. Mwaka 2020 ziwa lilifurika na kuimeza Nduru, familia zikahama. Mashua za msaada zikichakaa hazina mwenye kuzirithisha, isipokuwa pawe na chama kinachoweka pesa ya mbao, nyavu na injini kila wiki.

Na kwa wauzaji wa omena, hesabu ya mwisho. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali nyavu hupumzika. Mvua ikinyesha omena iliyoanikwa huharibika. Halafu kwa kawaida uvuvi wake hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane. Miezi hii minne si ajali. Inajulikana tangu Januari, na bado kila mwaka kuna anayefika Mei akiuza karai na gorogoro zake. Kuanzia Agosti hadi Machi kuna miezi 8. Tuseme mbalamwezi na mvua zinakuachia siku 20 za kuuza kila mwezi. Ukiweka shilingi 50 kila siku uliyouza, mwezi una 1,000, na Aprili inapofika una 8,000. Zigawanye kwa miezi minne, ni shilingi 2,000 kila mwezi. Hazitoshi karo, na atakayezitegemea peke yake atalala njaa. Zinalipa kodi ya chumba katika mitaa mingi ya pembeni mwa mji, huku yeye akiuza mboga au mandazi kupata chakula, na Agosti ziwa likifunguliwa anafika ufuoni na pesa yake ya kununulia omena mkononi.