Mafunzo ya waganga wetu yasiishie kwenye semina

Maneno ya timu ya afya mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka



Tumepewa dakika chache, basi tuingie moja kwa moja. Mwaka ujao wafadhili wetu wanataka kutoa fedha kwa ajili ya mafunzo ya wauguzi na wakunga wa vituo vyetu vya afya. Tunashukuru, tena sana. Lakini sisi tunaozunguka vituoni kila wiki tuna neno kabla hoteli ya semina haijalipwa.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Mwaka jana tuliwachukua wakunga siku tatu mpaka Uvira. Mkufunzi alitoka nje ya nchi, mtu mpole na kazi anaijua. Alifundisha namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, kwa kutumia ule mdoli unaotiwa maji ndani; ukiubeba unasikia uzito wa mtoto kweli. Picha zilipigwa, vyeti vikagawiwa, perdiemu ikatoka. (Tusidanganyane, hata sisi tuliifurahia ile perdiemu.) Kila kituo kilirudi na mdoli wake na mfuko wa kupulizia hewa.

Miezi minane ikapita. Siku moja tukafika kwenye kituo kimoja, tukaukuta mdoli juu ya kabati, bado ndani ya kartoni, kartoni imefungwa kamba. Tukamuuliza mkunga: "Mama, munafanyaka mazoezi?" Akatujibu: "Wanangu, si ni ninyi mulituambia tuchunge vizuri hii kintu isiharibike?"

Ni kweli, ni sisi tuliosema. Kisha akaongeza, sauti chini, kwamba wiki iliyotangulia mtoto alizaliwa kimya. Alimkausha, akamsugua mgongo, akakimbilia mfuko wa hewa. Mikono ikasahau. Maski haikukaa sawasawa usoni, hewa ikatokea pembeni, na muda ukaenda. Mama wa yule mtoto ni mwanachama mwenzetu. Hatutamtaja, lakini tunapoongea juu ya mafunzo tunaongea juu yake.

Kwa wasio waganga tufafanue kidogo. Mtoto akizaliwa bila kupumua, mkunga ana dakika moja tu ya kumkausha, kumchochea, kusafisha njia ya hewa kama imeziba, na asipoamka, kuanza kumpulizia hewa kwa mfuko. Wenyewe wanaiita dakika ya dhahabu. Ile programu ilizinduliwa mwaka 2010 na chama cha madaktari wa watoto wa Marekani pamoja na washirika wao, na midoli inatengenezwa na Laerdal, kampuni ya Norway. Tanzania waliijaribu katika hospitali 8, na matokeo yakatangazwa mwaka 2013: vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Mtu akisoma hivyo anasema basi, tununue midoli, tuite semina.

Lakini kuna habari ya Haydom. Ninyi mliokaa miaka Lugufu na Nyarugusu, Haydom ni kule mkoa wa Manyara, hospitali ya Walutheri, mbali na mji, inayoshirikiana na Wanorway tangu zamani. Mwaka 2010 waliwafundisha wafanyakazi wao kwa siku moja. Miezi saba baadaye wakawapima. Mbele ya mdoli walifanya vizuri kuliko zamani. Ndani ya chumba cha kuzalia, kwa watoto wenyewe, kazi haikubadilika. Hebu fikirini: mtu anajua, lakini usiku wa saa nane, mama analia, taa hafifu, yale anayoyajua hayafiki mikononi.

Sasa wao hawakuita semina ya pili mjini. Waliuweka mdoli karibu na chumba cha kuzalia, wakaanza mazoezi mafupi palepale kazini, dakika tatu mpaka tano kila wiki, na mara moja kwa mwezi mazoezi marefu kidogo. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11 hivi kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai mpaka 7 hivi. Programu ni ileile, na mdoli ni uleule.

Basi ombi letu. Pesa ya hoteli na perdiemu tuigeuze kuwa mafuta ya pikipiki na posho ya mkunga mmoja mzoefu atakayezunguka vituo vyote, mwezi kwa mwezi, mwaka mzima. Kila kituo kichague mtu wa kufungua ile kartoni kila Jumatatu kabla ya kazi. Mdoli ukichakaa ni habari njema, tutaomba mwingine. Tunajua wauguzi wengine watanuna, juu ya perdiemu. Mishahara yao hamuijui? Tuongee nao waziwazi, tusiwalaumu.

Tena kuna mambo ya lugha. Vitabu vya ile semina vilikuwa vya Kifaransa. Wengi wa wakunga wetu walijifunza kazi kambini, kwa Kiswahili, chini ya wauguzi wa Msalaba Mwekundu wa Tanzania, wakarudi hapa kwa meli. Kifaransa chao ni cha kusalimiana. Walikaa siku tatu wakitikisa kichwa. Hatua zenyewe tumeshaziandika kwa Kiswahili kwenye makaratasi makubwa, mkunga mmoja mzee ametusahihishia.

Na wafadhili wetu, ushirikiano wa kimataifa si lazima upande ndege. Kigoma iko ng'ambo ya ziwa hapa. Kule kuna wakunga wanaosema lugha yetu na wanaozalisha kina mama kama wetu. Mkunga wa Kigoma akija kukaa wiki mbili vituoni, na wa kwetu akaenda kule wiki mbili, hakuna wa kutafsiri. Mkufunzi wa mbali tunamhitaji bado, lakini aje mara ya pili, aulize kilichobaki mikononi. Yule wa mwaka jana tulimwandikia tukamweleza habari ya kartoni. Alijibu siku ileile, akasema yuko tayari kurudi, na safari hii alale kituoni.

Mdoli wenyewe tumeuleta, uko pale mezani karibu na mlango, na mfuko wake. Wakati chakula kinaandaliwa, njooni mjaribu, wazee pia. Mkunga wetu atahesabu dakika moja.