Chai Yetu ya Jioni, na Sare Iliyotaka Kutuvunja

(Mazungumzo ya mweka hazina wa kikundi, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi, Wingwi)



Nilipoambiwa nizungumze leo niliulizwa nitasema juu ya nini. Nikasema, juu ya chai. Wenzangu wa kamati wakacheka. Wakasema, mweka hazina mzima, miaka kumi unashika daftari na ufunguo wa sanduku, usimame mbele ya watu kuzungumza habari za chai! Nikawaambia ndiyo, chai. Kwa sababu fedha za sanduku hazijawahi kutugombanisha. Kilichotaka kutuvunja ni chai, na wanachama wa zamani mnajua nasema nini.

Kwa faida ya wageni wetu nieleze kidogo. Mpango huu wa kuweka na kukopa, kwa namna hii ya hisa na sanduku lenye kufuli tatu, ulianza mwaka 1991 huko Maradi, nchi ya Niger, kwa akina mama wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE. Miaka ya mwanzo ya 2000 ukafika Unguja, katika vijiji vya upande wa Jozani, na baadaye ukavuka kuja kwetu Pemba. Sisi hapa Wingwi tulipoupokea haukutushangaza sana, maana upatu tuliujua tangu kwa bibi zetu. Kipya kilikuwa daftari, kufuli, na kugawana mwisho wa mwaka.

Na kila penye upatu pana chai. Tangu mwezi wa kwanza tulikubaliana hivi: tukimaliza kuhesabu, tutakunywa chai pamoja nyumbani kwa mmoja wetu, kwa zamu. Mwaka ule wa kwanza ilikuwa chai ya rangi, mhogo wa kuchemsha, na siku nyengine kaimati. Tunakaa juu ya jamvi uani, watoto wanazunguka, tunazungumza mpaka inakaribia magharibi. Mtu akitoka hapo mzigo wake umepungua. Mkopo unaweza kuupata kwengine, lakini mtu wa kukusikiliza kwa saa moja bila ya kukukatiza humpati dukani.

Mwaka wa tatu mambo yakabadilika. Mwenzetu mmoja alikwenda harusini mjini, akarudi na habari ya chai ya sare. Kila chai na kanga yake, na mezani kila kitu kifanane na rangi ile. Tukaipenda. Uongo dhambi, siku ya kwanza ilipendeza! Wanawake ishirini na ushei kanga moja, tumepanga mstari kama maua, mpaka wapita njia wanasimama. Tukapiga na picha.

Mwezi uliofuata mwenye zamu akaongeza sambusa na katlesi. Wa tatu akaongeza keki na soda. Wa nne akakodi viti. Wa tano akaona viti vitupu haviwezekani, akakodi na vitambaa vya viti. Hapana aliyemwamrisha mwenziwe. Ila kila mmoja alijiuliza, mie nitawekaje kidogo kuliko aliyepita? Na kanga nazo, kila mwezi doti mpya.

Sasa mie ndiye mwenye daftari. Nikaanza kuona vitu. Mtu aliyekuwa akinunua hisa tano kila kikao, ananunua mbili. Mikopo inaombwa kwa jina la biashara, na wiki ya pili naiona ile biashara imekaa mezani, ina rangi ya sare. Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu na mie nilikuwa humo humo, na hili leo nalitoa hadharani. Zilikuwepo fedha nilizoziweka ninunue sare ya skuli ya binti yangu. Chai ya mwezi ule ilikuwa ya kanga ya zambarau. Sare ya chai nikanunua, sare ya skuli sikununua. Mtoto akaenda skuli na sketi iliyotiwa kiraka, na mie nikaenda kwenye chai nang'ara. Hakuniambia neno. Angelia ingekuwa rahisi kwangu.

Halafu akatutoka mwenzetu mmoja. Jina simtaji, yupo hapa, na ameniruhusu kusema. Mama huyu ni mkulima wa mwani. Nyote mnajua kazi ya mwani. Ilianza upande wa mashariki wa Unguja mwaka 1989, ikaja kwetu, na akina mama wengi wa pwani hii wamesomesha watoto kwayo. Lakini ni kazi ya kuinama ndani ya maji ya chumvi, bei anapanga mnunuzi, na miaka ya karibuni bahari imepata joto, na ule mwani wa bei nzuri unaoza kwenye kamba kabla haujavunwa. Basi zamu yake ilipofika akatuma kuwa anaumwa. Tukampa zamu ya mwezi wa pili, akatuma kuwa amesafiri. Mara ya tatu akaleta kadi yake ya hisa, anataka kujitoa.

Nikamfuata nyumbani baada ya alasiri. Nilimkuta anageuza mwani juani. Nikamwambia, "Dada, nani kakuudhi?" Akasema, "Hakuna aliyeniudhi. Ila zamu ikinifika sina cha kuweka mezani, na hiyo meza yenyewe sina." Akaendelea kugeuza mwani wake. Doti moja ya ile kanga ilikuwa sawa na hisa zake za miezi miwili. Yaani tulimwambia aweke akiba, kisha tukamtaka aivae.

Nikalipeleka kikaoni. Siku ile, wanachama, mnakumbuka maneno yaliyotoka! Wengine walisema asiyeweza asije. Wengine wakasema sare ni mila yetu, tokea lini wanawake wa pwani wakafanya shughuli bila ya sare? Na hilo ni kweli. Binti yangu, sasa ni mwalimu, amenisimulia yaliyomo katika kitabu cha mwanahistoria Margaret Strobel kilichotoka mwaka 1979, kinachohusu wanawake wa Mombasa. Humo mna habari za vyama vya lelemama. Wanawake walikuwa na vyama vyao, na vyeo, na sare, wakisaidiana katika harusi na misiba, na papo hapo wakishindana na chama cha pili kwa mavazi na karamu, na mashindano hayo yakila fedha nyingi. Kwa hivyo raha ya sare na hasara yake ni vitu vya zamani, hatukuvianza sisi.

Aliyetuokoa siku ile ni bibi mmoja, mkubwa kuliko sote. Alisikiliza mpaka tukachoka. Akasema, "Mnataka sare? Wekeni sare ya kitu ambacho kila mtu anacho." Tukamuuliza kitu gani hicho. Akasema, "Kanga kongwe. Nani hana kanga kongwe?"

Basi ndivyo ilivyozaliwa Chai ya Kanga Kongwe, na tuliifanya nyumbani kwa yule yule mwenzetu wa mwani. Sharti lilikuwa moja: kila mtu aje na kanga yake ya zamani kuliko zote, na atueleze imefikaje kwake. Mwenyeji alitandika jamvi. Alichemsha mhogo, akakuna nazi, akatupikia chai ya mchaichai alioukata nyuma ya nyumba. Hapana alichonunua zaidi ya sukari.

Wenzangu, sijapata kukaa chai kama ile. Mmoja alikuja na kipande alichobebewa mgongoni na mama yake. Kimebaki pindo tu, lakini analo. Mmoja alileta kanga aliyopewa na mumewe baada ya ugomvi, na lile jina la kanga ndilo lililoleta ugomvi wa pili. Tulicheka mpaka machozi. Na mwenyeji alipofika zamu yake akatoa kanga iliyopauka kwa chumvi, akasema, "Hii niliinunua kwa fedha yangu ya kwanza ya mwani. Kabla ya hapo sikupata kununua nguo bila ya kumuomba mtu." Pakanyamaza. Kadi yake ya hisa ilikuwa mkobani mwangu. Nikamrejeshea pale pale.

Tangu siku ile kila chai yetu ina jambo lake, lakini jambo la bure. Tumekuwa na Chai ya Shamba Langu: usilete kilichotoka dukani, leta mhogo, kiazi kitamu, shelisheli, ndizi. Tumekuwa na Chai ya Mapishi ya Bibi, ndipo wadogo walipojifunza mkate wa mofa na mkate wa kumimina, badala ya kila siku unga wa ngano. Tumekuwa na Chai ya Ukili, mikono inasuka huku midomo inazungumza, na jamvi mlilokalia leo ni la siku hiyo. Na tumekuwa na Chai ya Daftari, kila mtu anajifunza kuisoma hesabu yake mwenyewe, asimtegemee mweka hazina. Hii mie ndiyo niipendayo, maana sasa wananikosoa!

Kwa vikundi vichanga vinavyotaka kufuata, nitaje kanuni zetu.

Kwanza, jambo la chai lichaguliwe kwa kumtazama mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Akiweza yeye, sote tunaweza.

Pili, mezani visizidi vitu viwili vya kula na kinywaji kimoja. Anayetaka kuongeza apeleke kwa jirani mgonjwa.

Tatu, tazameni bahari kabla ya kupanga siku. Wakati wa bamvua nusu ya akina mama wako pwani kwenye mwani. Chai iwe siku za maji mafu, ianze baada ya alasiri, na iishe kabla ya magharibi.

Nne, hapana mkopo wa chai. Fedha za sanduku haziendi mezani.

Tano, mwenye zamu asipoweza aseme mapema, na mwenziwe amsaidie birika na vikombe. Kusema sina si aibu kwetu.

Na birika lenyewe? Kwa watu ishirini chemsheni maji lita nne. Tieni kipande cha mdalasini urefu wa kidole, iliki nane zilizopondwa, karafuu sita na tangawizi kidogo, yachemke kama dakika kumi. Ndipo mtie majani ya chai, vijiko vitano vya kulia, mfunike na kuepua. Sukari iwekwe pembeni katika bakuli, kila mtu ajitilie, kwa sababu miongoni mwetu wapo wenye maradhi ya sukari, na kuwatilia kwa nguvu si ukarimu. Majani ya chai yanatoka mbali, Usambara, Mufindi na Rungwe. Lakini karafuu ni yetu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, kikaiacha sehemu kubwa ya ya Pemba, na tokea hapo kisiwa hiki ndicho kimekuwa shamba kubwa la karafuu. Punje sita tu zinatosha kumwambia mgeni yuko wapi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona wageni wanatutazama, wanasema moyoni, mbona leo wamevaa sare? Ni kweli, leo tumevaa. Sikusema sare ni mbaya. Kanga hii tumeichangia kidogo kidogo kwa mwaka mzima, katika mfuko wake mbali na hisa, na waliopungukiwa wamejaziwa na mfuko huo huo bila ya kutajwa. Na mkiangalia vizuri mtawaona wawili hawakuivaa, wamekuja na kanga zao kongwe kwa hiari yao. Hakuna aliyewauliza.

Na binti yangu mwalimu yule amekaa pale nyuma. Nilimuomba radhi zamani, lakini nilimuomba ndani ya nyumba. Leo namuomba mbele ya watu, maana ile kanga ya zambarau niliivaa mbele ya watu.

Chai iko tayari uani. Vitu viwili vya kula, kinywaji kimoja. Karibuni sana.