Ulimi Hauonji Peke Yake

(Mazungumzo yaliyotolewa bwaloni, Siku ya Wanafunzi wa Zamani)



Nimeombwa niseme machache kabla ya chakula. Nimeona niseme juu ya chakula chenyewe, na harufu ya pilau inayotujia kutoka jikoni ni shahidi wangu.

Waliosoma nami watakumbuka usiku ule umeme ulipokatika tukiwa humu tunakula. Tulikula maharage yetu gizani, na wengine wakayasifu. Umeme uliporudi tukaona wadudu wakielea kwenye mchuzi. Palepale sahani zikasukumwa mbali. Maharage yalikuwa yaleyale; kilichoongezeka ni macho.

Ulimi peke yake hutambua mambo machache: utamu wa sukari, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha ya mchuzi wa nyama uliokolea, ambayo Profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo aliipa jina la umami mwaka 1908. Iliki, karafuu, na tofauti ya embe na nanasi, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya pua. Tunapotafuna, harufu hupanda kwa nyuma ya koo mpaka puani. Ubongo huchanganya habari za pua na za ulimi, nasi tukadhani zote zimetoka mdomoni. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel wa Marekani walieleza jeni za vipokezi vya harufu, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi hivyo.

Macho nayo yana nguvu zake. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo. Waliwapa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Vijana wale wakaunusa, wakaueleza kwa maneno yanayotumika kwa mvinyo mwekundu. Hao ndio waliokuwa wakisomea kazi hiyo!

Sasa niseme kwa nini jambo hili limenigusa. Mama yangu amepita miaka sabini, naye anaishi nasi. Miaka kadhaa iliyopita alianza kusema kwamba chakula cha mke wangu hakina ladha. Akawa anajiongezea chumvi, na daktari alikwisha mkataza kwa sababu ya shinikizo la damu. Mke wangu alinyamaza, lakini nyumba ilipoa. Nami, mtu wa ofisi na mwenye shahada ya Chuo Kikuu, nikakata kesi bila kuchunguza: mama amekuwa mgomvi.

Mwaka 2021 niliugua korona. Homa ilikwisha, lakini pua yangu haikusikia kitu kwa wiki saba. Siku moja nililetewa pilau. Nikasikia chumvi na joto, basi. Nikamwuliza mke wangu, “Leo umesahau viungo?” Akanitazama tu. Maneno yale yalikuwa ya mama.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Uwezo wa kunusa hupungua kadiri umri unavyosogea, hasa baada ya miaka sitini, na kwa kuwa hupungua polepole, wazee wengi hawajui kuwa umepungua. Wao huona chakula ndicho kilichobadilika. Pua yangu ilirudi. Ya mama haikurudi. Nilikwenda nikamwomba radhi, na mke wangu pia.

Siku hizi mke wangu humwongezea mama ndimu na tangawizi badala ya chumvi, kwa sababu uchachu wa ndimu na ukali wa tangawizi husikika mdomoni hata pua ikilala. Mboga humpangia kwa rangi, ili macho yasaidie. Maziwa yake hunuswa kwanza na mjukuu, na jiko la gesi haachiwi peke yake. Bado hulalamika, lakini si kila siku.

Vijana, jaribuni wenyewe. Funga macho, bana pua, mwenzako akupe pipi moja kati ya za ladha mbalimbali. Taja kama ni ya chungwa au ya ndizi. Utashindwa. Kisha achia pua, uone.

Na mkirudi likizo, bibi akisema mchuzi hauna ladha, msimcheke wala msimlaumu aliyepika. Mwulizeni kwa upole kama bado anasikia harufu ya kahawa. Huenda mkaokoa amani ya nyumba, kama si roho ya bibi mwenyewe.

Naona wapishi wananikodolea macho. Karibuni chakula.